Nani Aliyeozesha Tangawizi?

Historia tuliyofundishwa sekondari ilikuwa historia ya wakubwa. Tulikariri Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, tukakariri Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, tukakariri majina ya magavana na tarehe za mikataba. Mtihani ulipokwisha, historia nayo ikaishia hapo hapo. Hakuna mwalimu aliyesimama ubaoni akatuambia kwamba hata tangawizi ina historia yake, na kwamba ndani ya historia hiyo kuna njaa, kuna vifo, kuna watu waliosingiziwa, na kuna mkosaji ambaye ilichukua miaka mingi sana kumtambua.

Leo nataka tuifungue kesi hiyo. Mkulima ameandaa shamba lake, amepanda tangawizi, imechipua vizuri, majani yamesimama kijani. Mvua inakolea. Ghafla ncha za majani ya chini zinaanza kugeuka manjano, umanjano unapanda juu, shina linalainika pale linapogusana na udongo, na ukilivuta linakuja mkononi bila ubishi. Chini, lile tunguu ambalo ndilo tangawizi yenyewe, limekuwa uji unaonuka. Ugonjwa huu ukishika kasi unaweza kumaliza zaidi ya nusu ya shamba katika msimu mmoja.

Sasa nani alaumiwe? Mvua? Joto? Ukungu wa ardhini? Mungu? Jirani mwenye kijicho? Au mkulima mwenyewe, eti ni mvivu? Kila zama zimekuwa na jibu lake, na kila jibu limewagharimu watu kitu. Sisi vijana wa mjini tangawizi tunaijua ndani ya kikombe cha chai tu, lakini tusijidanganye kwamba mambo haya hayatuhusu. Waandishi chipukizi hasa yanatuhusu, kwa sababu kazi yetu ni kuuliza nani alifanya nini, na kwa nini lawama ikamwangukia mwingine.

Mmea usiojua kuzaa mbegu

Kwanza tumjue marehemu. Tangawizi ni mmea wa ajabu kidogo. Porini haipo. Hakuna msitu duniani ambako utaikuta imejiotea yenyewe tangu asili; popote ilipo, mkono wa binadamu uliipeleka. Haizai mbegu za kupanda. Ukitaka tangawizi mpya unakata kipande cha ile ya zamani chenye jicho, unakifukia, basi. Maana yake ni kwamba mimea ya shamba zima mara nyingi ni mapacha. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Maana yake ya pili ni nzito zaidi: kama tunguu la mbegu limeambukizwa, mkulima anaupanda ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Wahindi na Wachina wameilima kwa zaidi ya miaka 2000. Waarabu waliiita zanjabili, na jina hilo limo ndani ya Kurani, katika kinywaji cha watu wa peponi. Huko Roma, mwandishi aitwaye Pliny, yule aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika habari za tangawizi katika kitabu chake kikubwa cha mambo ya asili. Alidhani inatoka Arabuni na nchi za jirani na Bahari ya Shamu, maana wafanyabiashara hawakuwa na haja ya kumwambia inakotoka kweli. Alitaja bei yake, dinari 6 kwa ratili. Na akaongeza jambo moja dogo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona: kwamba tangawizi, pamoja na ukali wake wote, huoza upesi.

Fikiria hapo. Karibu miaka 2000 iliyopita, mtu wa Roma ambaye hajawahi kuuona mmea wenyewe ameshapata habari kwamba kitu hiki huoza.

Upepo ule ule

Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa habari za kaskazi na kusi. Kaskazi huanza kuvuma mnamo Novemba hadi Machi, na kwa karne nyingi ndiyo iliyoleta jahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi huvuma kuanzia Aprili, na ndiyo iliyozirudisha. Lakini katikati ya kusi, Juni na Julai, manahodha wenye akili walitia nanga. Bahari ilichafuka, na bandari za Malabar, pwani ya kusini-magharibi mwa India, zilifungwa.

Zilifungwa kwa sababu upepo huo huo ukifika Malabar unagonga milima na kumwaga mvua ya kutisha. Mvua hiyo hufika Kerala karibu na tarehe 1 Juni na kuendelea hadi Septemba. Wakulima wa Kerala hupanda tangawizi Aprili na Mei, manyunyu ya kwanza yanapoanguka, ili mvua kubwa ikute mmea umeshashika ardhi. Mazao huvunwa Desemba na Januari, wakati jua limerudi na tunguu linaweza kukwanguliwa na kuanikwa. Na kaskazi hapo ndiyo imepamba moto, jahazi ziko tayari kupakia. Utadhani mtu alikaa chini akaipanga kalenda hii.

Lakini kalenda hiyo ina mwiba. Bila mvua ya Juni tangawizi haikui. Na ni katika mvua hiyo hiyo, Julai, Agosti na Septemba, ambapo tangawizi huoza. Upepo uliomletea mzee wetu wa Lamu tangawizi kavu ndio uliomwozeshea mwenzake wa Malabar tangawizi mbichi. Ni upepo mmoja, kazi mbili.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331. Aliandika alichokaribishwa: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, maembe, na tangawizi mbichi. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Calicut huko Malabar, aliziona merikebu kubwa za Wachina, akaeleza kwamba mabaharia wake walilima mboga na tangawizi ndani ya masanduku ya mbao humo humo chomboni. Wasomi wengi hutaja habari hii kuonyesha ustadi wa Wachina. Mimi naiona na upande mwingine. Tangawizi iliyo hai ikisafiri na udongo wake, chochote kilichomo ndani ya udongo huo husafiri nayo bila kulipa nauli.

Kesi ya Ireland

Hapa inabidi tuiache tangawizi kidogo, kwa sababu swali letu halikujibiwa kwanza kwenye shamba la tangawizi. Lilijibiwa kwenye shamba la viazi, na bei ya jibu ilikuwa roho za watu.

Mwaka 1845 viazi vya Ireland vilianza kuoza. Majani yalipata mabaka meusi, na viazi vikawa uji ardhini. Mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi. Mamilioni ya maskini wa nchi hiyo waliishi kwa kiazi tu, na hasa aina moja ya kiazi. Kiazi nacho, kama tangawizi, hupandwa kwa kipande, kwa hiyo mashamba yalijaa mapacha. Samaki mmoja akioza wote huoza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8 na ushei. Ile ya 1851 ikahesabu milioni 6 na nusu. Kama milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli na kuhama.

Wataalamu wa Uingereza wakaanza kubishana. John Lindley, profesa wa mimea jijini London, alisema mkosaji ni hali ya hewa: baridi, mawingu na mvua vimefanya viazi vinywe maji kupita kiasi, jua la kuyakausha halipo, basi vimeoza. Ukungu unaoonekana juu ya majani, alisema, umekuja baadaye, kama nzi anavyokuja kwenye mzoga. Upande wa pili alisimama mchungaji wa kanisa la kijijini, Miles Joseph Berkeley, aliyekuwa na mazoea ya kuchungulia kuvu kwa hadubini. Mwaka 1846 aliandika kwamba ukungu ule haukufuata ugonjwa. Ukungu ndio ugonjwa.

Wengi walimcheka. Ilibidi kungoja hadi 1861, ambapo Mjerumani Anton de Bary alichukua mimea mizima ya viazi, akaiweka yote katika unyevu, mingine akaitia vijimbegu vya ukungu na mingine akaiacha. Iliyotiwa iliugua. Isiyotiwa ilibaki salama, ingawa nayo ilikaa katika unyevu ule ule. Mchungaji alikuwa amesema kweli.

Lakini mgala muue na haki mpe. Lindley hakuwa amekosea kabisa. Ukungu ule hupenda ubaridi na majimaji. Jua kali na ukavu huua vijimbegu vyake. Kama si mawingu na mvua za miaka ile, usingetapakaa nchi nzima kwa majuma machache. Mvua peke yake haikuozesha viazi, na ukungu peke yake usingefika mbali. Vilikutana, vikakuta mmea dhaifu wa aina moja, na vikakuta watu wasio na chakula kingine.

Na kuna mkosaji wa nne ambaye haonekani kwa hadubini. Ofisa wa Hazina ya Uingereza aliyesimamia misaada, Charles Trevelyan, aliandika mwaka 1848 kwamba janga lile lilikuwa pigo la Mungu lenye hekima na rehema ndani yake. Magazeti ya mji mkuu yalisema Waairishi ni wavivu. Wakati huo huo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa bandarini kutoka Ireland kwenda kuuzwa Uingereza. Ukishasema ni pigo la Mungu, huna haja ya kumzuia mtu apakiaye nafaka. Ndiyo maana nasema kila jibu lina gharama.

Daktari wa Cork afika Surat

Mwaka 1874, baada ya njaa ile, katika mji mdogo wa Kilkee pwani ya magharibi ya Ireland, alizaliwa mtoto aitwaye Edwin John Butler. Alisomea udaktari wa watu huko Cork, lakini moyo wake ukavutwa na maradhi ya mimea. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ya India ikamwajiri kuwa mtaalamu wake wa kwanza wa kuvu. Mtoto wa nchi iliyovunjwa na ukungu akapelekwa kuwinda ukungu wa watu wengine.

Mwaka 1907 Butler alitoa taarifa ndefu kuhusu kabila la vijidudu liitwalo kwa Kilatini Pythium. Humo ndimo ugonjwa wa kuoza tunguu la tangawizi ulipoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza, kutoka Surat, katika Gujarati. Surat, msomaji, si mji mgeni kwa historia yetu. Ni wa pwani ile ile ya Wagujarati ambao jahazi zao na nguo zao zilijulikana katika Afrika Mashariki kabla Mwingereza hajafika.

Hapo kesi ilipata mshtakiwa mwenye jina. Tumwite Pithiamu. Na utamu wa habari uko hapa: uchunguzi wa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba Pithiamu si kuvu halisi. Tunamwita kuvu kwa mazoea, kwa sababu anaota nyuzi nyuzi kama kuvu, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko uyoga. (Si mwani ule unaolimwa Paje, huo ni ukoo mwingine.) Na ndugu yake wa karibu ni nani? Ni yule yule aliyeozesha viazi vya Ireland. Butler alikwenda maelfu ya maili akakutana na jamaa wa adui wa nchi yake.

Anavyofanya kazi

Kwa kuwa asili yake ni ya majini, Pithiamu hajaacha tabia za nyumbani. Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida tu, yeye hujificha katika umbo la kijiyai chenye ganda nene, na anaweza kukaa hivyo miaka akingoja. Maji yakijaa katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo, anatoa vijimbegu vyenye vijimkia, na vijimbegu hivyo vinaogelea. Ndiyo, vinaogelea ndani ya shamba! Vinafuata harufu ya mizizi michanga, vinajishika, vinapenya, na kuoza kunaanza. Maji yakitiririka kutoka tuta hadi tuta, yanavibeba kama daladala.

Na wakati vijimbegu vinaogelea, mmea nao uko taabani. Mizizi inahitaji hewa. Udongo uliojaa maji hauna hewa, kwa hiyo mizizi inazimia, inalegea. Mshambuliaji amepata nguvu saa ile ile ambayo mshambuliwa amezipoteza.

Kisha linakuja joto. Tofauti na ndugu yake wa Ireland anayependa ubaridi, Pithiamu wa tangawizi anapenda udongo wa moto. Zile aina zake kali hustawi kwenye nyuzi 30 na zaidi. Udongo wa ubaridi humpunguzia kasi hata kama umelowa. Kwa hiyo si mvua tu. Hatari kubwa ni mvua juu ya joto: ardhi iliyochomwa na jua, halafu ikapigwa na mvua kubwa ya siku kadhaa, na maji yakakosa pa kwenda.

Mtu anaweza kusema basi, mwaka wa ukame ni salama. Wapi! Kuna kuvu nyingine, hii ya kweli, iitwayo Fusarium. Ile inayoshambulia tangawizi ilielezwa Hawaii mwaka 1963. Yenyewe haihitaji shamba lifurike; mmea uliochoka kwa jua na kiu unaitosha. Majani yanageuka manjano polepole, tunguu linakauka na kuoza ndani kwa ndani. Na kuna bakteria pia wanaonyausha mmea ungali kijani. Kwa hiyo hali ya hewa haifungui mlango na kuufunga. Inabadilisha tu ni mgeni gani atakayeingia.

Visiwa na milima

Ukiwa na ufunguo huo unaweza kusoma upya historia ya sehemu nyingi. Chukua Jamaica. Waspania waliipeleka tangawizi huko Karibi katika karne ya 16, na kwa miaka mingi tangawizi ya Jamaica ilisifiwa kuwa miongoni mwa bora kabisa duniani. Wakulima wake walikuwa wadogo wadogo, wa milimani, wenye vishamba vya miteremko. Katikati ya miaka ya 1990 ugonjwa wa kuoza ukawapiga vibaya sana, na kilimo hicho kikaporomoka. Mbegu za kupanda zilikuwa zinatoka kwa jirani kwenda kwa jirani, kama tunavyopeana moto wa jikoni. Desturi nzuri ya ujirani ikawa njia ya maradhi. Ilibidi maabara zianze kuotesha miche safi ndani ya chupa ili wakulima waanze upya.

Chukua Queensland, Australia, nchi yenye matrekta na wataalamu. Kiangazi cha mvua cha 2007/2008 kilileta uozo wa Pithiamu katika mashamba ya tangawizi, na wakulima wakapata hasara kubwa. Fiji nayo iliugua. Utajiri haukuwakinga Waaustralia. Maji yalituama, joto lilikuwepo, mbegu ilikuwa na mgonjwa ndani.

Kisha rudi Kerala. Agosti 2018 jimbo hilo lilipata mafuriko makubwa kuliko yote tangu 1924, watu zaidi ya 400 wakafa. Wilaya ya Wayanad, na Kodagu iliyo jirani upande wa Karnataka, ni nchi za tangawizi, na zote mbili zilipigwa na mvua na maporomoko. Wakulima wengi wa Wayanad wana maisha ambayo mwandishi wa riwaya angeyatafuta kwa tochi. Wanavuka mpaka wa jimbo, wanakodi ardhi Karnataka, wanalima tangawizi msimu mmoja au miwili, halafu wanahama kutafuta udongo mwingine ambao haujachoka wala kuambukizwa. Ugonjwa umewageuza wakulima kuwa wahamaji. Katika mji wa Kozhikode, ambao ndio Calicut ile ile ya Ibn Battuta, leo ipo taasisi ya serikali ya India ya utafiti wa viungo, na kuoza kwa tangawizi ni moja ya mambo wanayohangaika nayo.

Na huku kwetu

Tangawizi ya Tanzania inalimwa sana Same, kwenye Milima ya Upare, na Madaba huko Songea, na sehemu nyingine za nyanda za juu. Wapare ni mabingwa wa maji tangu zamani. Walichimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya mito na chemchemi, na mifereji ya kuyagawa shamba kwa shamba kwa zamu. Ni elimu ya kujivunia. Lakini tukumbuke tulichosema kuhusu vijimbegu vinavyoogelea. Mfereji unaopita shamba la mgonjwa kabla ya kufika la mzima unaweza kuwa barabara. Elimu ya babu haina kosa, ila inahitaji kuongezewa ukurasa.

Na ukurasa huo unahitajika sasa, si kesho. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana mvua za siku hizi zikija zinakuja kwa hasira. Tumeyaona mafuriko ya El Niño ya 1997/98, tukayaona ya mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu, tukayaona tena ya 2023/24. Mlimani mkulima alikuwa na mlinzi mmoja asiyelipwa mshahara, nao ni ubaridi wa udongo. Udongo huo ukizidi kupata joto, mlinzi anaondoka, na mvua ya kishindo inabaki.

Tiba ya kumfufua mmea uliokwisha kuoza haipo. Kinga ipo, na nyingi ni ya jembe na akili: kupanda kwenye matuta ya juu yenye mitaro ya kutoa maji, kuchagua tunguu la mbegu lisilo na doa, kulitia katika maji ya moto ya nyuzi 50 hivi kwa dakika 10 kabla ya kupanda, kama walivyofanya Hawaii, kung'oa mmea mgonjwa mapema, kutorudia tangawizi kwenye shamba lile lile mwaka hadi mwaka. Wahindi wanachanganya na udongo mashudu ya mwarobaini, mti ambao na sisi tunao kila uchochoro, wengi wetu tukiujua kwa homa tu.

Lakini kila moja ya hizo inataka kitu. Matuta yanataka nguvu kazi. Kupumzisha shamba kunataka uwe na shamba jingine. Mbegu safi inataka fedha, au inataka ujasiri wa kuliweka pembeni tunguu lililo zuri kuliko yote wakati mwanao anadaiwa ada na mnunuzi amesimama mlangoni na noti mkononi. Tunguu zuri linauzwa. Lenye kasoro linabaki, na mwaka unaofuata ndilo linalopandwa. Hapo hakuna mvivu wala mchawi. Hapo kuna mtu aliyebanwa.

Hukumu

Turudi kwenye swali letu. Nani aliyeozesha tangawizi? Pithiamu ndiye mwenye kisu, hilo Butler alilimaliza mwaka 1907. Mvua na joto ndivyo vilivyomfungulia mlango. Mbegu ya mapacha na udongo uliochoka ndivyo vilivyomkaribisha kitini. Na umaskini ndio uliohakikisha kwamba mwenye nyumba hana pa kukimbilia.

Ndugu zangu mnaoandika, nawaomba jambo moja. Mkitunga hadithi ya kijiji ambacho mazao yameoza, msikimbilie kumleta bibi kizee mwenye macho mekundu ili wanakijiji wapate wa kumpiga mawe. Kwanza muulizeni mkulima mvua ilinyesha siku ngapi mfululizo, maji yalitoka upande gani, na mbegu aliinunua kwa nani. Ireland walisema ni Mungu, wakasema ni uvivu, na watu milioni 1 wakazikwa. Lawama ikienda pasipo pake, mkosaji hubaki ardhini ndani ya ganda lake, akingoja mvua nyingine.